Simu ya Mwananchi Nayo ni Kipimo

Pendekeza kwenye kikao chochote cha wataalamu kwamba takwimu za mazingira zikusanywe kwa simu za wananchi, nawe utajibiwa kabla hujamaliza kusema. Simu ni ya kupigia na kutumiana picha. Kipimo ni mtambo uliosimikwa mahali pake na kusomwa na aliyesomea. Kinacholetwa na wananchi ni maoni, kiwekwe kando na data. Kauli hiyo ina harufu ya sayansi, ndiyo maana imedumu. Mimi naona haisimami, na Wakenya wana ushahidi ulioingia kwao kwa mabawa.

Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige wa jangwani walivuka kutoka Somalia wakaingia kaskazini mashariki mwa Kenya. Nchi ilikuwa haijaona uvamizi wa ukubwa ule kwa miaka 70, kwa hiyo waliokuwa na uzoefu wa kuwafuatilia nzige walikuwa wameshazeeka au kufariki. Kundi lililotanda kilomita moja ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 80. Kwa siku moja hula chakula cha kutosha watu 35,000, na upepo ukiwasaidia husafiri hadi kilomita 150 kwa siku. Ripoti ikichelewa siku mbili, ndege ya dawa inapelekwa kunyunyizia pori tupu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikuwa na kifaa maalumu cha kazi hiyo, kishikwambi kiitwacho eLocust3. Ni kifaa kizuri, ila kilikusudiwa vikosi vya kupambana na nzige vilivyokwisha kufunzwa, na huwezi kuijaza Turkana, Samburu na Marsabit vishikwambi kwa wiki chache. Mwaka 2020, kwa kushirikiana na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, shirika hilo likaihamishia fomu ile kwenye simu za kawaida, ikaitwa eLocust3m. Mtu anasimama walipo nzige, simu inachukua mahali hapo kwa GPS, anajaza kama ni tunutu wanaorukaruka au wenye mabawa, anataja rangi, anapiga picha. Mtandao usipokuwepo, ripoti inakaa ndani ya simu mpaka aufikie.

Hilo swali la rangi ndilo linalonivutia. Nzige mwenye mabawa ambaye hajakomaa ni wa waridi. Akikomaa anakuwa wa njano, na wa njano yuko tayari kutaga. Mayai yakishafukiwa kwenye mchanga, kwa kawaida wiki mbili hivi baadaye tunutu wanatoka. Kwa hiyo mchungaji anayegusa neno “njano” kwenye kioo cha simu amemwambia afisa aliyeko mbali apange watu na dawa kwa tarehe fulani. Hakuhitaji shahada. Alihitaji macho, na fomu iliyotungwa na mtu anayewajua nzige. Akikosea akawaita panzi wa kawaida nzige, picha itamsahihisha. Wanaosema mwananchi atakosea wanasahau kwamba hata afisa hukosea, na kwamba tofauti ya ripoti nzuri na mbaya mara nyingi imo ndani ya fomu.

Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya fundi: GPS ya simu inakosea mita kadhaa. Ni kweli. Kwa nzige waliotanda kijiji kizima kosa hilo si kitu. Kwa Tandale, jijini Dar es Salaam, ambako baina ya nyumba na nyumba pana kichochoro cha kupita mtu mmoja, mita tano zinatosha kuutia mtaro chumbani kwa jirani. Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, ilibidi ulikabili jambo hilo. Uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe. Droni zilipiga picha kutoka juu, na ramani zikachapwa kwenye karatasi watu wakaweza kuonyesha mtaro unapopita. Simu ikaachiwa inachokiweza: upana wa mtaro, kina chake, kama ni wa zege au wa udongo, kama unapitisha maji au umeziba. Kipimamvua cha uwanja wa ndege, hata kiwe sahihi namna gani, hakiwezi kukuambia kwamba kalavati la mtaa wa pili limejaa chupa za plastiki. Na nyumba inaingia maji kwa sababu ya kalavati hilo.

Kuna wakosoaji wajanja zaidi. Watasema hayo yote ni macho ya watu, simu yenyewe haijapima lolote, imebeba barua tu. Basi twende Ifakara, Tanzania, kwenye utafiti wa mbu.

Njia ya zamani ya kujua mbu wangapi wa malaria wanaingia ndani ni kumweka mtu gizani miguu wazi, awanase kila wanapotua. Ni kazi ya kuchosha na ina hatari zake. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford wakiongozwa na Manu Prakash walionyesha kwamba simu za kawaida, hata ya kukunja ya mwaka 2006, zinanasa mlio wa mabawa ya mbu vizuri kiasi cha kusaidia kutambua aina yake. Hapo hapana muujiza. Mbu hupiga mabawa mara mamia kwa sekunde, na mlio huo unaangukia kwenye masafa ya sauti ya binadamu, ambayo simu iliundwa kuyabeba. Mradi wa HumBug wa Chuo Kikuu cha Oxford ukaleta wazo hilo Tanzania, ukifanya kazi na Taasisi ya Afya Ifakara: simu ya bei nafuu inatiwa kwenye mfuko ulioshonwa juu ya chandarua, inasikiliza usiku kucha, na programu inachambua mlio upi ni wa mbu. Aliyelala amelala. Sijui ni kipimo gani zaidi ya hicho mtu anakitaka.

Kwenye hewa, nakubali, wakosoaji wamepatia. Simu haina pua. Haiwezi kupima vumbi laini la moshi wa magari na mkaa, na programu inayodai hivyo kwa kamera peke yake naitilia shaka. Lakini tazama walichofanya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kupitia mradi wa AirQo. Walitengeneza visanduku vya bei ndogo vinavyotuma data kwa mtandao wa simu, wakavifunga ukutani na kwenye bodaboda, kisha wakavilinganisha na mtambo mkubwa wa viwango vya kimataifa ili makosa yake yajulikane na yasahihishwe. Mtambo mkubwa una kazi yake, nayo ni kuwa rejea. Kosa ni kuufanya kisingizio cha kutopima mahali pengine popote.

Ninaowaogopa zaidi ni mashabiki, wale wanaozindua programu kwa fulana na chakula cha mchana, wakaondoka. Ramani inayojazwa na wenye simu janja huonyesha matatizo ya wenye simu janja. Kijiji kisicho na chaji wala bando kinabaki cheupe, na kwenye meza ya mkubwa weupe ule husomeka kama usalama. Halafu, ripoti yenye GPS inaeleza mtaro ulipo na pia inaeleza wewe ulikuwa wapi saa ngapi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022. Anayekusanya aseme mapema anahifadhi nini na kwa muda gani.

Kubwa kuliko yote ni kutojibiwa. Nzige waliripotiwa kwa sababu upande wa pili kulikuwa na ndege. Mkazi atatuma picha ya mtaro ulioziba mara ya kwanza, labda na ya pili. Asipoona mtu amekuja na koleo, hatatuma ya tatu, na hapo mtaalamu atasema: mnaona, wananchi hawaaminiki.

Kwa hiyo halmashauri au kaunti inayotaka kuanza isitangaze zabuni ya programu kwanza. Fomu za bure zipo. Iandike jina la afisa atakayepokea ripoti usiku wa mvua, na gari atakalolitumia, na mafuta ya gari hilo yaingizwe kwenye bajeti ya mwaka huu.