Aliyeacha unga asiachwe peke yake



Nina dukuduku juu ya vijana wanaotibiwa uraibu wa dawa za kulevya, kisha wakarudi makwao.

Kwanza Serikali yetu inastahili pongezi. Mwaka 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na baadaye nyingine zikafuata Mwananyamala, Temeke, Dodoma na kwingineko. Vijana wengi waliokwisha kukatiwa tamaa wamesimama tena. Lakini jambo moja linasahauliwa. Mtu aliyeacha unga bado yumo hatarini, na hatari mojawapo ni kujiua.

Wataalamu wameeleza kwamba watumiaji wa heroini hujiua zaidi kuliko watu wengine, na kwamba wiki nne za kwanza baada ya kukatisha matibabu ni za hatari kubwa ya kifo. Sababu zinaeleweka. Mwili uliokwisha kuzoea kukaa bila unga hauwezi tena kuhimili kiasi cha zamani; akikirudia humwua, na mara nyingine haijulikani kama alikusudia. Aidha, unga ulikuwa ukimfunika macho. Ukiondoka, anayaona yote kwa pamoja: mali aliyouza, mke aliyeondoka, mama aliyemwibia.

Sababu nyingine ni sisi wenyewe. Hapa kwetu Somanga kijana akirudi, jina la "teja" halimtoki. Wavu ukipotea pwani, anaulizwa yeye. Nahodha hampakii chomboni. Wengine husema msiba wa kujitakia hauna kilio. Ndugu zangu, kilio kipo. Siku akijiua mama yake atalia, nasi tutachimba kaburi huku tukiambiana kwamba tulikuwa tukimwona amenyongea.

Tena kuna suala la umbali. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika kwa siku kadhaa. Mgonjwa wa Dar es Salaam aliyekuja huku kuzika angeipata wapi dawa yake? Kuikosa ni kurudi kwenye arosto, na arosto humrudisha mtu kwenye unga au kwenye kukata tamaa.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya mambo mawili. La kwanza, mgonjwa anaporudi kijijini apewe barua ya kwenda zahanati ya karibu, na mhudumu wa afya wa kijiji amtembelee kila wiki katika miezi ya mwanzo. La pili, wahudumu hao wafundishwe kumwuliza wazi kama anawaza kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo, lakini wataalamu wanasema sivyo. Humpa nafasi ya kutua mzigo.

Waheshimiwa Wabunge nao waitazame Kanuni ya Adhabu, ambayo humhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Matokeo yake ndugu humficha ndani badala ya kumkimbiza hospitali. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba.

Nasi wanavijiji tusingoje Wizara. Tumpe kijana kazi hata ya kushona nyavu, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, na tukimwona amejitenga tumwendee siku hiyo hiyo. Tulichanga nauli ya kumpeleka kutibiwa. Tusishindwe kumpokea anaporudi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Somanga, Kilwa.