Barua pepe ya biashara isimfuate mtoto chuoni

Familia nyingi zenye biashara ndogo hutumia barua pepe ya kijana wa nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua simu kwanza. Tuseme mna nyumba ya wageni Malindi, ile ya baridi kule Lushoto, si ya pwani ya Kenya. Kijana akienda chuo Dodoma, au akigombana na baba yake, wageni wa msimu mzima wameondoka naye mfukoni.

Afadhali mnunue jina lenu la mtandaoni, mathalani linaloishia na .co.tz, kwa wakala anayetambuliwa na TCRA. Liandikishwe kwa jina la mzazi au la biashara. Fundi asiliandikishe kwake, hata akiwa shemeji.

Jina peke yake halipokei barua. Ndani ya akaunti yake kuna sehemu iitwayo DNS, na humo rekodi ya MX ndiyo inayoueleza ulimwengu barua zenu zipelekwe kwenye seva ipi. Kampuni mtakayoikodi kutunza barua itawapa maneno ya kunakili, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya kipaumbele. Namba ndogo hujaribiwa kwanza. Futeni MX za zamani, la sivyo barua nyingine zitaishia kwenye seva msiyoifungua. Rekodi ya A msiiguse, hiyo ni ya tovuti. Kisha subirini saa chache, pengine hadi siku mbili.

Mafundi wengi huishia hapo, na ndipo mgeni wa Ujerumani hapati jibu lenu kwa sababu limetupwa kwenye barua taka. Ongezeni SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu (iwe moja tu, mbili huharibu), na DKIM, ambayo ni kama muhuri. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza sana hapa.

Kijana akiondoka, mnabadili neno la siri tu. Anwani inabaki nyumbani.

Ada ya jina hulipwa kila mwaka. Mkisahau, mtu mwingine anaweza kulinunua, akaweka MX zake, akawa anapokea barua za wageni wenu, hata zile za kubadili maneno ya siri. Tarehe ya kulipia na neno la siri la akaunti hiyo viandikwe kwenye daftari, likae pamoja na hati ya shamba.