Je, Aliyekimbia Hana Imani?

Muhula huu katika chama chetu cha mdahalo ilitolewa hoja isemayo kwamba mmisionari akimbiaye mbele ya magaidi amekosa imani. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi, tena walipigiwa makofi sana. Mimi siku hiyo nilikuwa mtunza saa, na mtunza saa hana ruhusa ya kusema. Basi nimeona heri niandike katika gazeti letu, ili wenzangu, walimu wetu, na hasa wazazi ambao hawakuwapo, wapate kusikia upande wa pili.

Jambo lenyewe si la mbali nasi. Mtu akipanda Newala akasimama pale Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado. Vita vya huko vilianza tarehe 5 Oktoba 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia. Mwezi wa Oktoba 2020 wapiganaji hao walivuka mto wakaua watu katika kijiji cha Kitaya, ndani ya mkoa wetu wa Mtwara. Sisi wa Kidato cha Nne tulikuwa shule ya msingi wakati huo, lakini twakumbuka jinsi wazee walivyosemezana kwa sauti ndogo. Tena Wamakonde wa huku na wa huko ni ndugu. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa karibu na Mueda, akavuka mto akiwa msichana mdogo wakati wa vita vya kumwondoa Mreno.

Sasa nitazame hoja ile kwa mambo yaliyotokea kweli. Usiku wa tarehe 6 Septemba 2022 magaidi waliingia katika misheni ya Chipene, mkoa wa Nampula, kusini ya Cabo Delgado. Palikuwa na kanisa, hospitali, na shule yenye bweni, mahali panapofanana sana na hapa tulipo. Walimwua kwa risasi Sista Maria De Coppi, Mwitaliano wa shirika la Wakomboni. Mama huyu alikuwa amepita miaka themanini, na alikuwa Msumbiji tangu mwaka 1963, hata alikwisha kuchukua uraia wa nchi hiyo. Majengo yakachomwa moto. Mapadre wawili walikuwamo vyumbani mwao na walisalimika. Na Sista mwingine, Mhispania, alikimbilia porini usiku ule pamoja na wasichana waliokuwa wamebaki bwenini.

Msomaji, niambie. Kati ya masista hawa wawili, ni yupi mwenye imani na ni yupi asiye nayo? Mmoja alikufa na mwingine akakimbia. Kwa kanuni ya mdahalo wetu yatupasa kumlaumu wa pili. Lakini lau angalisimama uani ili aonekane shujaa, wasichana wale wangalikwenda na nani? Mimi naona kwamba mtu ashikaye mkono wa mtoto wa mwenzake akaingia naye gizani, asijue mbele kuna nini, amefanya tendo la imani kubwa kupita hotuba zote za siku ile.

Tena jambo moja halikutajwa kabisa. Wanafunzi wengi wa Chipene hawakuwapo usiku ule. Habari za hatari zilikuwa zimekwisha kufika siku chache mbele, na wengi walikuwa wamerudishwa makwao. Kuwarudisha wale watoto ndiko kulikookoa roho nyingi, wala sijasikia mtu akisema kwamba kulionyesha upungufu wa imani.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2020, magaidi waliivamia nyumba ya watawa Wabenediktini huko Auasse, wilaya ya Mocímboa da Praia. Hawa ni wa shirika lile lile ambalo abasia yake iko hapa Ndanda, kwa hiyo habari zao zilituhusu kama za jirani. Watawa walijificha porini na hospitali waliyokuwa wakiijenga ikaharibiwa. Watawa walipona. Je, ingalifaa wabaki ndani wakisubiri panga?

Nataka nirudi nyuma kidogo, kwa maana wenzangu wa mdahalo wangaliitazama historia ya mahali hapa, nadhani wangaliogopa kusema waliyoyasema. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa. (Siwaweki wapiganaji wa Majimaji kapu moja na magaidi wa leo. Wale walikuwa wakiipigania nchi yao waliyonyang'anywa na Wadachi. Lakini kwa mtu aliyekuwa ndani ya nyumba inayowaka, hofu ni hofu.) Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Katika kuikimbia Nyangao, Sista Walburga alipotezana na wenzake akauawa. Waliobaki walifika pwani. Na mwaka 1906 ndipo misheni ya Ndanda ilipoanzishwa. Maana yake ni nini? Ni kwamba hospitali tunayopelekwa tukiugua homa, na misheni iliyozaa elimu ya mahali hapa, vilianzishwa baada ya watu kukimbia. Sisi tumekaa juu ya matunda ya waliokimbia, kisha tunapiga kura kwamba kukimbia ni aibu!

Na huko Masasi ni vivyo hivyo. Misheni ya Waingereza ilianzishwa mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Wamagwangwara, waliishambulia, wakaua wengine na kuchukua mateka. Mmisionari mmoja, Porter, alifunga safari akawafuata huko huko kwao kuwakomboa waliotekwa. Wenziwe walihamia Newala mwaka uliofuata, kwa jirani yao Matola. Hapo pana wote wawili, aliyekwenda mbele na waliohama, na kazi ilikuwa moja. Matola alikuwa mkuu wa nchi, naye ndiye aliyekuwa na ardhi ya kuwapa. Imani ya wageni wale ilitaka pahali pa kulala.

Hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu. Katika mdahalo tulisema "imani, imani", kana kwamba mtu hukaa na Mungu wake peke yake kisiwani. Mimi naona imani ya wale wa Chipene na Auasse isingalitosha kama hapangalikuwa na watu wa kuwapa habari, kuwaonyesha njia na kuwafungulia mlango. Kufikia mwaka 2021 watu zaidi ya laki saba walikuwa wameyaacha makao yao katika Cabo Delgado. Je, walikwenda wapi hao wote? Wachache waliingia kambini, na wengi walipokewa na nyumba za watu. Mwezi wa Oktoba 2020 majahazi yalikuwa yakishusha watu kwa maelfu ufukoni Paquitequete, mtaa wa mji wa Pemba ambao wenyeji wake wengi ni Waislamu wasemao Kimwani, lugha iliyo jirani ya Kiswahili chetu. Walikuwa maskini. Hata hivyo nyumba moja ilijaa jamaa wawili, watatu, pamoja na Kanisa na mashirika kuleta chakula. Bibi yangu aliposikia habari hiyo alisema kwamba ndivyo alivyopokewa yeye Newala, akala muhogo wa watu miezi mingi na hakuna aliyemwuliza dini.

Mimi ni Mwislamu. Nimeandika habari za masista na watawa kwa sababu nawaheshimu, tena kwa sababu magaidi wale huua kwa kutumia jina la dini yangu, nami sikuwapa ruhusa. Likizo iliyopita nilipanda basi nimevaa kanzu na kofia, maana ilikuwa Ijumaa. Abiria mmoja akawaambia wenzake kwa kicheko wachunguze mkoba wangu. Watu wakacheka. Mkoba ulikuwa na madaftari na korosho za mama. Nilicheka nami, lakini njia nzima nilikuwa nikiwaza habari ya basi jingine, lile la Mandera huko Kenya. Tarehe 21 Desemba 2015 magaidi walilisimamisha wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa kujitenga. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata kwa jeraha hilo. Ndugu zetu Wakristo wajue kwamba yule naye aliitegemea imani yake. Na sisi Waislamu tujue kwamba hakuna mdahalo utakaotuosha, ila kwa kusimama vile vile siku itakapofika.

Na tusidhani kwamba hatari hutoka ng'ambo tu. Yajulikana kwamba wamo vijana wa Tanzania waliojiunga na watu wale. Kijana huanza kupotea siku anapoona kwamba kwao hapana mtu wa kumsikiliza, ndipo mwingine humjia na fedha kidogo na maneno matamu. Lakini wapo na waliokataa. Tarehe 7 Aprili 2020, kijijini Xitaxi, vijana 52 waliuawa kwa kuwa walikataa kuandikishwa. Wenzetu hao walikuwa wa rika letu, na majina yao hatuyajui.

Haya basi, nina ombi moja kwa wazazi na walimu katika mkutano wao ujao. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 magaidi walivamia shule ya Lhubiriha huko Mpondwe, magharibi ya Uganda, wakachoma bweni la wavulana ambao walikuwa wamejifungia ndani. Wanafunzi zaidi ya thelathini walikufa. Nawaombeni mkubaliane mapema, pamoja na wazee wa vijiji vinavyotuzunguka, wa msikitini na wa kanisani: habari mbaya ikija usiku ataileta nani na kwa njia gani, funguo za kila bweni zitakuwa kwa nani, na watoto wa Kidato cha Kwanza, ambao hata njia ya mtoni hawajaijua, watashikwa mkono na nani. Sisi wa Kidato cha Nne tuko tayari kugawiwa kila mmoja wawili wake.

Mwanafunzi, Kidato cha IV