Tuonyeshe Picha Kwanza!

Siku hizi ukisema una sonona unaulizwa, "Umepiga picha?" Kijana halali usiku, chakula hakipiti, darasani anakaa kama gunia. Anapelekwa mjini kupigwa CT scan ya kichwa, pesa za mahindi zinateketea, picha inatoka safi. Basi hukumu imepita: eti haumwi, anajidekeza. Huo ni uonevu, na wasomi wetu wanaoupa nguvu kwa kutajataja "sayansi ya ubongo" hawajaisoma hiyo sayansi yenyewe.

CT huonyesha damu iliyovuja, uvimbe, fuvu lililopasuka. Huzuni haivuji. Daktari anayejua kazi yake huipiga ili ayaondoe hayo mengine, si ili amshitaki mgonjwa.

"Lakini Wazungu wana MRI zinazoonyesha mawazo kwa rangi nyekundu na manjano!" Tulia, ndugu. Ile rangi si picha, ni hesabu. Mashine inapima mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongoni. Ubongo unagawanywa vipande maelfu kwa maelfu (kwa kompyuta, si kwa kisu), kila kipande kinafanyiwa jaribio la takwimu, na kinachofaulu kinapakwa rangi. Sasa piga hesabu mwenyewe: vipande 50,000, ukiridhia kosa 5 katika kila 100, vipande 2,500 vitang'aa bure, pasipo jambo lolote kutokea.

Wapo waliolithibitisha hilo kwa dhihaka. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake, Wamarekani, walitangaza kwamba walimtia samaki aina ya salmoni kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu na kumwuliza watu hao wana hisia gani. Samaki mfu, jamani! Na ubongo wake ukawaka. Waliposahihisha hesabu kwa kuzingatia wingi wa majaribio, ukazimika. Mwaka 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Mimi sicheki sana. Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walichukua picha za watu wazima wa afya waliokuwa wamelala tu kwenye mashine, wakawagawa makundi kiholela, wakakuta baadhi ya njia zilizokuwa zikitumika kila siku zinazua tofauti za uongo hadi mara 70 katika 100, badala ya 5. Na mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walionyesha kwamba kuhusisha ubongo na tabia au dalili za mtu kunataka maelfu ya watu, ilhali utafiti wa kawaida ulikuwa na watu kama 25. Ishirini na tano! Hao hawajazi hata daladala.

Mtasema sayansi inajisahihisha. Kweli, na hao niliowataja ndio wasahihishaji wenyewe. Lakini hata hesabu ikiwa safi, tofauti kati ya wastani wa wagonjwa na wastani wa wazima haikuambii huyu aliyekaa mbele yako ni wa upande gani, maana makundi hayo yanaingiliana kama abiria wa stendi. Ndiyo maana mpaka leo daktari hathibitishi sonona ya mtu mmoja kwa MRI. Anauliza.

Na kuuliza nako kuna takwimu zake. Kule Harare, katika mpango wa benchi la urafiki aliouanzisha Dixon Chibanda, bibi waliofunzwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mwanzo ni maswali 14, kisha mazungumzo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba baada ya miezi 6 waliokalia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hakuna aliyepigwa picha ili aaminiwe.

Kwa hiyo wewe mjomba uliyeishika bahasha ya CT kama hati ya mahakama, iweke kabatini, umwulize mtoto jana usiku alilala saa ngapi.