Kumng'ata mtoto aliyeng'ata si malezi

Kuna ushauri unaotembea kutoka ua hadi ua, kliniki hadi saluni, na hakuna anayeuliza umetoka wapi: mtoto aking'ata wenzake, mng'ate na wewe aonje uchungu, ataacha. Akipiga, mpige. Akifinya, mfinye mara mbili. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kumpaka pilipili mdomoni. Anayeutoa mara nyingi ni mtu mwema, shangazi au jirani anayempenda mtoto, na ndiyo maana unapokelewa haraka. Mimi naupinga wote, sibakizi hata kidogo.

Tutazame kinachotokea pale mkekani. Watoto wawili wamekaa, mmoja ana mwaka na nusu, mwingine anakaribia miwili. Mkubwa ameshika kifuniko cha sufuria, anakigonga sakafuni na kinalia vizuri. Mdogo anakitaka. Neno "nipe" hajalipata, au analo lakini akilihitaji haliji. Anavuta, mwenzake haachii. Anavuta tena, kisha anainamisha kichwa na meno yanazama mkononi mwa mwenzake. Mama anatoka mbio jikoni, anamkamata mng'ataji, anautia mkono ule mdogo kinywani mwake na kuuma mpaka alama za meno zinabaki. "Umeona inavyouma?"

Hajaona. Alichoona ni mtu anayemtegemea kwa kila kitu akimgeukia kwa meno. Kuunganisha uchungu wake wa sasa na uchungu wa mwenzake wa dakika iliyopita, halafu kulihifadhi somo hilo mpaka kesho atakapogombea kifuniko tena, ni kazi ambayo akili ya umri ule haijaiweza. Huruma anayo, utamwona akimpelekea mwanasesere wake mwenzake anayelia. Asichoweza ni kuuzuia mkono akishakasirika. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuwezesha kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kufikisha miaka 20. Kwa huyu wa mwaka na nusu ndiyo kwanza inaanza.

Richard Tremblay, mtafiti wa Montreal nchini Kanada, alifuatilia watoto kwa miaka mingi, na alichokiona kinapaswa kuwatuliza wazazi. Umri ambao binadamu hupiga, husukuma na kung'ata kuliko wakati mwingine wowote si ujana, ni utoto wa kati ya miaka miwili na minne. Baada ya hapo walio wengi hupunguza, kadiri maneno yanavyoongezeka na wakubwa wanavyowaelekeza. Basi mtoto wako si mkorofi, hajarithi ubaya wa ukoo wa baba yake, wala hajalogwa. Yuko katika umri wake, na anahitaji mtu wa kumvusha.

Atamvusha kwa kumwonyesha nini? Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaacha watoto wa shule ya awali wamtazame mtu mzima akimtwanga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Walipopewa nafasi, watoto wengi walirudia mapigo yaleyale na hata maneno aliyoyatamka. Mama anayeuma ili kukomesha kuuma naye yuko mbele ya mtazamaji, tena mtazamaji anayeiga.

"Lakini wa kwangu aliacha." Nakubali, wengine huacha, mbele yako. Ukiingia ndani kugeuza chapati, anamtafuta aliye mdogo kuliko yeye, ambaye hawezi kumshitaki. Amejifunza kwamba mwenye haki ya kuuma ni mkubwa, naye anasubiri kukua.

Wengine watanikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Sichelei kilio. Mtoto aliyeondolewa kwenye mchezo atalia sana, na alie. Ninachokataa ni meno na pilipili. Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, ambayo haikufuta adhabu ya kiboko nyumbani, inasema katika kifungu cha 13 kwamba kumrudi mtoto hakukubaliki ikiwa kwa udogo wake hawezi kuelewa lengo la kurudiwa. Mtoto wa mwaka na nusu ndiye hasa anayesemwa hapo.

Kinachofaa kinachosha, na hilo silifichi. Unakaa nao palepale, karibu kiasi cha kuufikia mkono. Ukiinuliwa, unaudaka ukiwa bado hewani, bila kuuminya, na kusema maneno machache: "Hapana. Kupiga kunauma." Ukichelewa, anza na aliyeumizwa: mbembeleze, msafishe jeraha kwa maji na sabuni. Yule mng'ataji aone wewe ukihangaika na maumivu ya mwenzake. Hilo linamwingia kuliko hotuba. Kisha mpe neno alilokosa. "Sema nipe." Asiyeweza kulitamka afundishwe kunyoosha kiganja. Chukua kiganja hichohicho, kipitishe taratibu kwenye shavu la mwenzake: "Pole pole, hivi." Akirudia, mtoe, akae kando yako mpaka atulie. Kesho utafanya hivyo tena, na keshokutwa.

Angalia na saa. Wengi hung'ata wakiwa na njaa, wamekosa usingizi wa mchana, au wamekaa sita wakigombea kifuniko kimoja. Leta cha pili. Kumlazimisha mtoto wa miaka miwili agawane kwa kumpokonya alichoshika ni kumfundisha kupokonya. Zamu ataielewa baadaye.

Na tuache kuwaambia walioumizwa, hasa wavulana, "mrudishie, wewe si mwanamume?" Nimesikia watu wazima wakicheka na kupiga makofi mtoto wa miaka mitatu akirudisha ngumi. Mtoto huyo afundishwe kusema "sitaki" kwa sauti na kumkimbilia mkubwa, na mkubwa akikimbiliwa aje.

Wazazi wengi sasa tunawaacha watoto kwenye vituo vya kulelea mchana. Kabla hujalipa ada, muulize mlezi: mtoto akimng'ata mwenzake, mnafanyaje? Akijibu kwamba humng'ata, humpaka pilipili au humwacha mwenzake alipize, chukua mkoba wa mwanao mwondoke. Akijibu kwamba hukaa nao sakafuni, uliza swali la pili: walezi wangapi, watoto wangapi? Mlezi mmoja mwenye watoto 20, hata awe na moyo gani, hawezi kuuwahi mkono wa mtoto yeyote.