Tanuri la korosho uani: Moshi wake unakwenda wapi?

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, harufu ya maganda yanayoungua husikika Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, hadi Masasi iliyo chini yake upande wa magharibi. Sehemu kubwa ya korosho ghafi huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika, lakini kiasi fulani hubaki nyumbani na kubanguliwa na kina mama na vijana kwa ajili ya kuuza barabarani, stendi na sokoni. Serikali inataka korosho ibanguliwe nchini badala ya kusafirishwa ikiwa ghafi, na jambo hilo ni jema kwa kipato. Swali la safu hii ni moja: kazi hiyo ikifanyika uani kwako, moshi wake unakwenda wapi?

Tanuri la nyumbani kwa kawaida ni pipa la chuma la lita 200 lililonunuliwa likiwa limetumika. Hukatwa, hutobolewa mdomo wa kuni, kisha huwekwa kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba ili mvua isizime moto. Mara nyingi halina bomba la moshi. Moshi hujaa kibandani, hupenya chini ya paa na kuingia chumba wanacholala watoto.

Moshi huo si sawa na moshi wa kuni peke yake. Ganda la korosho lina mafuta makali, yale yanayobabua mikono ya mbanguaji. Yakiungua, hutoa moshi mzito unaochoma macho, koo na mapafu. Na pipa lenyewe lina historia yake. Kama lilibeba viuatilifu, rangi au oili chafu, mabaki yake huungua pamoja na kuni na huweza kugusa chakula unachokaanga. Usinunue pipa ambalo muuzaji hawezi kukueleza lilikuwa na nini. Kuliosha kwa sabuni hakutoshi.

Upo pia moshi usioonekana. Kuni, mkaa au maganda yakikosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Ndiyo maana jiko la mkaa lililokolea, lisilotoa moshi hata kidogo, linaweza kuua familia iliyolala nalo chumbani usiku wa baridi ya Juni au Julai. Watu wengi husema "mkaa umeshawaka vizuri, hauna madhara". Si kweli.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayeishi kwenye moshi yuko karibu mara mbili zaidi katika hatari ya kupata nimonia. Hapa nchini, Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034.

Lengo hilo ni zuri, lakini lina pengo kwa watu wa Kusini. Mkakati unazungumzia kupika chakula. Mama wa Newala anaweza kupata mtungi wa gesi, akapikia ugali bila moshi, kisha akakaa saa sita mbele ya pipa la korosho akiwa na mtoto mgongoni. Kwenye hesabu ya taifa atahesabiwa kuwa ametoka kwenye moshi, ilhali mapafu yake na ya mwanawe bado yamo humo. Moto wa biashara ndogo ya nyumbani nao unahitaji kuangaliwa, na njia ipo. Halmashauri hutoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wabanguaji kinapoomba fedha za tanuri, bei ya bomba la moshi iwemo kwenye maombi hayo, na ofisa anayeyapitia aulize kama haimo.

Wakati tukisubiri hayo, fanya haya. Kwanza, hamisha tanuri mbali na nyumba, mahali ambapo upepo hauusukumi moshi kuelekea madirishani kwako au kwa jirani. Pili, weka bomba la moshi. Moshi wa moto ni mwepesi na hupanda wenyewe ukipewa njia, kwa hiyo bomba lisimame wima, lisiwe na kona nyingi, na lipite paa lililo karibu kwa angalau sentimita 60. Maungio yazibwe kwa udongo, juu liwe na kofia ya kuzuia mvua, na masizi yasafishwe mara kwa mara. Lisiguse makuti wala nyasi. Tatu, acha tundu la hewa chini ya moto; tanuri lisiloingiza hewa halitoi moshi vizuri hata bomba liwe refu. Nne, kama inawezekana, pika korosho kwa mvuke kabla ya kubangua badala ya kuzichoma, kwa kuwa moshi hupungua sana. Tano, mtoto mchanga na mjamzito wasikae hapo. Gesi hiyo hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Jua pia dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika kwetu huitwa malaria kabla ya kupima. Lakini kama hakuna homa, kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wameugua kwa wakati mmoja, na kama wanapata nafuu wakitoka nje, fikiria moto uliokuwa ukiwaka ndani. Mtoe mgonjwa kwenye hewa safi mara moja. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Usimnyweshe maziwa, hayaondoi gesi kwenye damu, na aliyezimia yanaweza kumpalia. Mwahishe hospitali, anakohitaji oksijeni, na mwambie daktari wazi kwamba palikuwa na mkaa au tanuri. Taarifa hiyo ni muhimu, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati haiko sawa.

Kwa mtoto anayekohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 12, au 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea anapovuta hewa, usisubiri asubuhi. Na wewe mbanguaji mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, usiseme ni moshi tu. Nenda kapime kifua kikuu.

Korosho imesomesha watoto wengi wa Masasi na Newala. Kipande cha bomba na hatua chache kutoka ukutani vitawasaidia watoto hao kwenda shule wakiwa na mapafu mazima.