Chai Twainywa, Wenyewe Hatuwajui

Sisi watu wa pwani chai ni sahibu yetu. Hakuna baraza, arusi wala matanga yasiyokuwa na chai, na tangu mwaka 1969, mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi kuja Mombasa, mzigo wa bara hupita mlangoni mwetu ukielekea melini. Lakini tukiulizwa Boito iko wapi, msomaji, aghalabu tutatazamana.

Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka Agosti iliyopita, nilipojiunga na kundi la watalii wa baiskeli waliotoka Kericho kwa safari ya siku mbili. Tulitangaziwa kuwa tutaonyeshwa utamaduni na historia ya Wakipsigis. Wengi walikuwa Wazungu vijana, na aliyetangulia mbele ni kijana wa huko huko, mwajiriwa wa kampuni ya utalii. Sitaficha: mlima wa kwanza tu nilishuka, nikaisukuma baiskeli kama mchuuzi wa madafu.

Hata hivyo, baiskeli ina heshima yake. Ukipita kwa gari, mashamba yale ni zulia la kijani tu. Kwa baiskeli unamsikia mchumaji akikohoa. Unaviona vidole vyake vikikwanyua majani mawili na kichipukizi, vikiyatupa kapuni mgongoni bila yeye kugeuka. Tulikaribishwa mursik, maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti. Nikapiga bismillahi nikanywa, na wallahi nilitaka tena.

Uchungu wangu ulianza pale kiongozi wetu aliposimama juu ya kilima, akanyoosha mkono, akasema: "Hapa palikuwa msitu mtupu. Wazungu wakaja, wakaleta chai." Kisha picha zikapigwa. Nikawakumbuka wale wa kwetu wanaowaambia wageni kwamba Mombasa ilianza siku Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu, mwaka 1593. Hali Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alikuta Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi!

La hasha, hapakuwa patupu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilikata ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis ikawapa maofisa Waingereza waliolemaa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Iliangukia mikononi mwa makampuni ya chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini waliohofiwa na wakoloni. Mamia ya watu, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwenye mbung'o na malaria. Waliporudi, uhuru ukikaribia, wengi hawakuwa na pa kuweka mguu. Mwaka 2022 kesi yao ilifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Boito tulipumzika karibu na kituo cha kupimia majani. Mzee mmoja mwenye fimbo akanisogelea.

"Chamgei," nikamwamkia, kwa neno moja nililokuwa nalo.

Akaitika, kisha akaniuliza kwa Kiswahili: "Mzee mwenzangu, hawa wanatafuta nini?"

"Historia yenu, mzee."

Akacheka. "Historia? Sasa mbona hawakai?"

Na kweli, dakika ishirini baadaye filimbi ikapigwa tukaondoka.

Usiku nilimwita kijana kando, nikamuuliza kwa upole kama hayo ya ardhi hayajui. Akainamisha kichwa. "Nayajua, mzee wangu. Nyanya yangu alitusimulia. Lakini ofisini tumeambiwa wateja hawakulipa ili waje kusikia huzuni."

Basi kosa si la kijana. Na hao ofisini nadhani hawawajui wateja wao. Huko Vietnam watu wanatoka Ulaya na Marekani kwenda kuzunguka nchi kwa baiskeli, wakionyeshwa mashamba ya mpunga na mahekalu, na mahandaki ya Cu Chi pia, ambamo Wavietnamu walijificha wakipigana na Wamarekani. Mmarekani mwenyewe hulipa ili aingizwe humo, atambae. Huzuni haikumfukuza mgeni yeyote. Mei 2023, wafanyakazi walipochoma moto mashine za kuchumia chai huko Kericho, dunia ilipata habari. Mtalii anayepita hapo asielezwe kwa nini, amelipia nini? Upepo?

Sisemi kila kilima kigeuzwe matanga. Mursik ibaki, na nyimbo zibaki. Ila mzee wa Boito awekewe kiti, apewe saa nzima, na alipwe kama anavyolipwa mwenye baiskeli.

Nimesikia kundi jingine litaondoka Disemba. Nimewaandikia wenye safari kuwauliza kama yule mzee atakuwamo. Mpaka naandika haya, sijajibiwa.